Bando likiisha, kredo isiliwe: mwongozo kwa watumiaji wa intaneti ya simu Mombasa

Bando la data likiisha, mara nyingi intaneti haikatiki. Hapo ndipo pesa zinapopotelea. WhatsApp inafunguka, video inacheza, mtoto anaendelea na michezo yake, ila sasa kila MB inakatwa kutoka kwenye kredo yako. Walio na laini za kulipia mwisho wa mwezi, kwao inaandikwa kwenye bili. Bei ya nje ya bando huwa juu kuliko ya ndani, na tofauti hiyo huijui mpaka upige simu uambiwe salio halitoshi.

Dukani kwetu Mwembe Tayari, anayeletwa na shida hii karibu kila mara anailaumu simu. Anataka ifutwe yote, au anauliza bei ya nyingine. Simu haina kosa. Kinachotakiwa ni kufunga njia mbili, ya kwenye laini na ya kwenye simu, na kama umeshaliwa, kudai kwa utaratibu. Nitaeleza yote kwa mpangilio wa kuyafanya.

Kwanza hesabu, maana wengi wanadhani ni vishilingi vidogo. Tuseme kampuni yako inatoza shilingi 2 kwa MB moja nje ya bando. Huo ni mfano tu, bei yako halisi waulize wenyewe. GB moja ni MB 1,024, kwa hivyo GB moja nje ya bando itakuwa shilingi 2,048. Netflix kwa ubora wa kati hula kama GB 0.7 kwa saa, na kwa ubora wa juu wa HD yaweza kufika GB 3. Dakika kumi tu za ubora wa kati ni takriban MB 120. Hapo shilingi 240 zimekwenda, na filamu haijafika popote.

Hatua ya 1: Zima data kabla ya kuuliza lolote

Ukiona salio limeshuka bila wewe kupiga simu, zima data hapo hapo. Zima na hotispoti. Kama unatumia rauta ya laini ya simu, ichomoe kwenye umeme. Usiongeze kredo ya shilingi hamsini "kuona kama itakatwa tena". Itakatwa, na utakuwa umevuruga ushahidi wako mwenyewe.

Kisha piga picha za skrini. Meseji ya kununua bando, meseji za kukuonya kwamba bando limebaki kidogo, meseji ya kwamba limeisha, salio lilivyo sasa, na ukurasa wa matumizi ya data kwenye simu unaoonyesha kila programu imekula ngapi. Usifute meseji yoyote ya kampuni, hata zile za matangazo. Wengi huzifuta kwa kuudhika nazo, na ndani yake ndimo mlimo saa na tarehe utakazozihitaji baadaye.

Hatua ya 2: Mjue aliyekula

Kredo ikipotea, watuhumiwa ni watatu, na dawa zao si moja.

Wa kwanza ni data ya nje ya bando. Dalili yake ni salio kushuka kidogo kidogo au kwa kasi huku data ikiwa imewashwa, na meseji ya bando kuisha iko karibu na wakati huo.

Wa pili ni deni. Ukikopa kredo kwa huduma kama Okoa Jahazi ya Safaricom, deni hukatwa mara tu unapoongeza kredo. Mtu anaweka mia, anaona imebaki kidogo, anaapa ni intaneti. Hapo hakuna cha kulalamikia, ni deni lako mwenyewe.

Wa tatu ni huduma za kujiunga kwa meseji: mistari ya mapenzi, matokeo ya mpira, nyimbo za mwito, dua za kila asubuhi. Hizi hukata kiasi kile kile kila siku au kila wiki, data iwe imewashwa au imezimwa. Jibu neno STOP kwa namba fupi inayokutumia, kisha wapigie huduma kwa wateja wakusomee huduma zote zilizofungwa kwenye laini yako na uwaambie wazitoe moja moja. Usikubali kuambiwa "tumeshatoa" bila kusomewa majina.

Nitaeleza kisa kimoja, kwani kinaonyesha jinsi ya kuzisoma meseji. Alikuja mama anayeuza leso Biashara Street, wateja wake wengi ni wa WhatsApp. "Mwanangu, jana nimetia mia tano, leo nina shilingi tatu. Na sikupiga simu hata moja." Nikamwambia, "Mama, hebu tusome meseji kutoka chini kwenda juu." Saa tatu asubuhi: bando limenunuliwa. Saa kumi jioni: limebaki robo. Saa kumi na nusu: limeisha. Robo nzima ndani ya nusu saa, na siku nzima alikuwa ametumia robo tatu tu. Basi jambo limetokea saa kumi. Nikamuuliza ni nani aliyekuwa nyumbani saa hizo. Kijana wake ametoka shule, amechukua hotispoti ya mamake, ameunganisha kompyuta ili atume kazi ya mwalimu. Kazi yenyewe ilikuwa kurasa mbili. Lakini Windows ilipoona waifai, ilidhani iko kwenye intaneti isiyo na mpaka, ikaanza kuteremsha masasisho yake. Ilimaliza bando, ikaingia kwenye kredo, na haikumwuliza mtu.

Kila kisa kina saa yake. Ukiipata saa, umempata mlaji.

Hatua ya 3: Funga njia kwenye laini

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Usiweke kredo nyingi kwenye laini ya data. Kisichokuwepo hakiliwi. Nunua bando moja kwa moja kwa M-PESA au Airtel Money bila kupitia kredo, na kredo ya kupigia simu iweke kwenye laini ya pili. Simu nyingi siku hizi zina nafasi mbili za laini. Itumie ya pili kwa kazi hii.

Baada ya hapo, iambie kampuni isikutoze nje ya bando kabisa. Kwa Safaricom na kwa Airtel, menyu ya data ni *544#. Pitia ndani utafute sehemu ya kuchagua kama intaneti iendelee kwa kredo bando likiisha au ikatike. Chagua ikatike. Menyu hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hivyo usipoiona piga 100, huduma kwa wateja, useme: "Sitaki kutumia intaneti kwa kredo bando likiisha. Naomba mfunge na mnitumie meseji ya kuthibitisha." Hiyo meseji ihifadhi. Siku ikitokea tena, ndiyo itakayokutetea.

Kisha angalia kama bando lako linajinunua lenyewe. Yapo mabando unayodhani umeyanunua mara moja tu, kumbe umebonyeza chaguo la kila siku. Ukiona meseji ya ununuzi ambao hukuufanya, chimba hapo.

Na soma bando linahusu nini. Bando la WhatsApp ni la WhatsApp peke yake. Jamaa kwenye kundi la harusi akituma kiungo cha video, ukikigusa, kinafunguka YouTube au kwenye kivinjari, na huko bando lako halifiki. Kama una kredo, inaanza kuliwa huku moyoni ukijua uko WhatsApp. Mabando ya usiku nayo yana saa ya kuanza na ya kuisha: filamu uliyoanza kuiteremsha usiku wa manane ikivuka saa hiyo, kipande kilichobaki kinatozwa kwenye bando jingine au kwenye kredo. Watu wengi wameumia kwa mabando haya mawili kuliko kwa bando la kawaida, na kwa maoni yangu kampuni zingepaswa kulieleza jambo hili kwenye meseji ile ile ya ununuzi.

Mwenye laini ya bili ana hatari zaidi, kwa kuwa hana kredo ya kuisha. Deni linapanda mpaka mwisho wa mwezi. Waandikie kampuni wakuwekee kikomo cha matumizi, kwa kiasi unachokitaja wewe, na uombe jibu la maandishi. Maneno ya kwenye simu peke yake hayatoshi kwa jambo hili.

Hatua ya 4: Funga njia kwenye simu

Kwenye Android, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao na intaneti, kisha matumizi ya data. Humo mna onyo na kikomo. Onyo linakuarifu tu, kikomo kinakata. Weka vyote viwili, na kikomo kiwe chini ya bando lako: bando la GB 5, onyo GB 4, kikomo GB 4.7. Nasema chini kwa sababu hesabu ya simu na ya kampuni hazilingani sawasawa, na hesabu inayokutoza ni ya kampuni. Weka pia tarehe ya kuanza kuhesabu iwe ile uliyonunua bando, la sivyo simu itahesabu kuanzia tarehe mosi ya mwezi na kikomo hakitakuwa na maana.

Washa kiokoa data. Kinazuia programu zisizo mbele yako zisitumie data kwa siri.

iPhone haina kikomo cha aina hiyo cha kukata. Huko utazima data kwa programu moja moja, utawasha hali ya kutumia data kidogo, na utazima kile kipengele kinachohamia kwenye data ya simu waifai inapokuwa dhaifu. Kiko karibu na mwisho wa ukurasa wa data ya simu. Kwa nyumba zetu za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe, waifai hufa ukitoka sebuleni kuingia chumbani. Simu inahama kimya na wewe unadhani bado uko kwenye waifai ya nyumba.

Kwenye kompyuta ya Windows, kila unapounganisha hotispoti ya simu, fungua sifa za muunganisho huo na uuweke kuwa wa kupimwa (metered). Masasisho makubwa yatasubiri. Kijana wa yule mama anafanya hivyo sasa, na hotispoti ina nywila mpya.

Programu zenyewe, hizi ndizo za kuanzia. WhatsApp: zima uteremshaji wa picha, sauti na video unapotumia data ya simu, uwe unagusa unachokitaka. Msimu wa harusi na siku za Idi makundi ya familia hujaa video kesho yake asubuhi mpaka simu inapata joto. Bila kuzima hili, hatua nyingine zote ni kazi bure. Duka la programu: masasisho yawe kwa waifai peke yake. Hifadhi ya picha: vivyo hivyo. TikTok, Facebook na YouTube: zima video kujicheza zenyewe, na YouTube ishushe ubora kwenye data ya simu.

Hatua ya 5: Kabla hujavuka mpaka au kupanda chombo

Ukielekea Tanga, kabla hujafika Lunga Lunga zima data ya mitandao ya nje (roaming). Maeneo ya Vanga na Lunga Lunga simu inaweza kushika mnara wa Tanzania ungali Kenya, na ukatozwa kama msafiri. Wakaao huko wachague mtandao wao kwa mkono, wasiiachie simu ijichagulie.

Wanaokwenda Umra na Hija, tafadhalini sana. Simu inazimwa ndegeni, inawashwa Jeddah, na kabla hujatoka kwenye foleni ya pasipoti kila programu imeshachota meseji za masaa yote uliyokuwa angani. Zima data ya mitandao ya nje ungali nyumbani Mombasa. Ukifika, nunua laini ya huko, au nunua bando la safari kwa kampuni yako kabla ya kuondoka. Wazee wafanyiwe hivyo na vijana wao kabla ya kuagana, wasiachiwe kuhangaika na mipangilio uwanja wa ndege.

Mabaharia na wafanyakazi wa meli nao wana lao. Meli kubwa za abiria nyingi huwa na mnara wao wa simu unaopitia setilaiti, na bei yake ni kali kuliko nchi yoyote utakayotia nanga. Ikiondoka bandarini, weka simu kwenye hali ya ndegeni na uwashe waifai ya meli peke yake.

Hatua ya 6: Dai chako

Kama umetozwa kwa kitu ambacho hukukiomba, una sheria nyuma yako. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na fidia kwa hasara. Kanuni za kuwalinda watumiaji wa mawasiliano za 2010 zinasema waziwazi kwamba mteja ana haki ya kuelezwa bei na masharti kikamilifu, na kutozwa kwa huduma alizojiunga nazo tu. Hatuombi cha bure. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua hapa hapa pwani yetu mwaka 2009, na intaneti imekuwa riziki ya watu wengi mjini humu. Tunataka bei ijulikane kabla ya kukatwa.

Anza na kampuni yenyewe, maana Mamlaka ya Mawasiliano, inayosimamia kampuni za simu, itakuuliza kama ulishalalamika kwa kampuni. Piga simu, uchukue namba ya malalamiko, kisha uandike barua pepe. Iwe fupi:

"Namba yangu ni (andika namba). Tarehe (andika) nilinunua bando la GB (andika), likaisha saa (andika). Kuanzia saa hiyo hadi saa (andika) nilikatwa kredo ya shilingi (andika) kwa intaneti ya nje ya bando. Sikuchagua kutumia kredo kwa intaneti. Naomba: moja, taarifa ya matumizi yangu ya data kwa saa na kiasi kwa siku hiyo, mbili, ushahidi kwamba nilikubali kutozwa nje ya bando, tatu, kurudishiwa kredo yangu. Nimeambatisha picha za meseji. Namba ya malalamiko yangu ni (andika)."

Ombi la pili ndilo lenye nguvu. Ukiuliza tu "kwa nini mmenikata", utajibiwa kwamba ulitumia. Ni kweli ulitumia. Swali ni kama ulikubali bei hiyo. Na ombi la kwanza wasilikatae, kwani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuziona taarifa zako wanazozihifadhi.

Zungumza nao kwa adabu. Anayepokea simu ni kijana wa watu, hakupanga bei. Lakini usikate simu bila namba ya malalamiko.

Wasipojibu, au jibu lao lisipokutosheleza, wapelekee Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kwa chukuahatua@ca.go.ke, ukiambatisha barua uliyowaandikia kampuni, majibu yao na picha zako. Usisimulie upya kwa kirefu. Weka nyaraka kwa mpangilio wa tarehe na uandike aya moja juu yake. Juu ya Mamlaka kuna Baraza la Rufaa la Mawasiliano. Usidhani ni mahali pa wakubwa tu: malalamiko ya wakili mmoja kuhusu mabando yanayoisha muda kabla ya kutumika yalifikishwa huko, na Oktoba 2019 Safaricom ikaleta mabando yasiyo na tarehe ya kuisha.

Kwa pesa nyingi, kwa mfano bili ya biashara, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Mombasa ipo. Huhitaji wakili, unajisemea mwenyewe, na sheria yake ya 2016 inataka kesi imalizwe ndani ya siku sitini. Kwa shilingi mia mbili sikushauri uende huko. Barua kwa Mamlaka inatosha.

Mara nyingi watakupa bando la bure badala ya kurudisha kredo. Kama kiasi ni kidogo na bando halina masharti ya ajabu, chukua, lakini uliza kwanza linaisha lini na kama likiisha utaingia tena kwenye kredo. Kama kiasi ni kikubwa, jibu kwa maandishi kwamba unataka kilichokatwa kirudi vile vile kilivyotoka. Kwa vyovyote vile, usifunge malalamiko mpaka wakuthibitishie kwa meseji kwamba matumizi ya nje ya bando yamefungwa kwenye laini yako.